Siku Mbili Katika Ziwa la Mfalme

Wengi wenu mmepata kusikia habari za milima ya Alpi, ile ipitayo katikati ya Ulaya kama uti wa mgongo, toka Ufaransa hata Slovenia. Katika pembe ya kusini-mashariki ya Ujerumani, mahali ambapo nchi ya Bavaria yaingia ndani ya Austria kama ulimi, lipo ziwa moja liitwalo Königssee, maana yake Ziwa la Mfalme. Leo twapenda kuwasimulia habari za ziwa hilo, na habari za siku mbili tulizokaa kando yake, mume na mke, katika mwezi wa Oktoba mwaka jana.

Ziwa lenyewe si kubwa. Urefu wake ni karibu kilomita 8, na upana wake mtu aweza kuukadiria kwa macho. Lakini kina chake ni mita 190, yaani karibu mara mbili ya kina cha ziwa letu la Chala lililo ubavuni mwa Kilimanjaro. Lilichimbwa na barafu. Zamani za kale mto wa barafu ulishuka toka milimani, ukaukwangua mwamba kama fundi achongavyo mtumbwi, na barafu ilipoyeyuka maji yakabaki ndani ya shimo. Kwa sababu hiyo kingo zake nyingi ni kuta za mawe zisimamazo wima, wala hapana barabara ilizungukayo. Atakaye kufika mwisho wa ziwa, ikiwa si mpanda milima, hana budi kupita majini.

Yafaa kwanza tuseme ni jambo gani lililotupeleka huko, maana watu wa kazi hawaondoki nyumbani bure. Sisi tumezaliwa Uchaggani, nasi sasa twakaa mjini München. Mke ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mume ni fundi wa mitambo, naye hutoka nyumbani alfajiri. Tunao watoto wawili wa shule. Kwa muda wa miaka mitatu tulikuwa watu wa kupishana mlangoni: mmoja akivua viatu, mwenziwe huvaa. Mengi tuliambiana kwa vikaratasi vilivyoachwa juu ya meza. Mchele umekwisha. Mtoto mdogo anakohoa. Kodi imelipwa. Hapakuwa na ugomvi wo wote. Palikuwa na kimya tu, kama kimya cha duka lililofungwa.

Ndipo ikaja barua. Mume aliombwa aende kufanya kazi Hamburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kwa muda wa miaka miwili, na mshahara wake ungeongezwa theluthi nzima. Angeweza kurudi kwake mara moja kwa mwezi. Sasa, sisi tunajenga nyumba huko Moshi, na nyumba hiyo imefika kwenye lenta na kusimama hapo. Kwa mshahara wa Hamburg ingepata bati, na milango, na labda sakafu. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Barua ikalala juu ya meza pamoja na vile vikaratasi, siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kila mmoja wetu aliisoma, akairudisha mahali pake.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kikongo asemaye Kiswahili cha Bukavu, alikuja siku moja kuazima sufuria, akatukuta tumesimama mlangoni tukipeana funguo. Akatutazama, akasema, “Nipeni watoto toka Ijumaa hata Jumapili. Ninyi nendeni mahali mkaongee.” Hakuuliza neno zaidi. Nasi tukaenda.

Ijumaa alasiri tukapanda gari la moshi, kama wazee wetu walivyoliita, ijapokuwa hili halina moshi tena, bali laenda kwa umeme. Huko Freilassing, karibu na mpaka wa Austria, tukateremka na kupanda jingine dogo, likatupeleka polepole kati ya vilima mpaka mji wa Berchtesgaden. Mji huo umejulikana tangu zamani kwa chumvi. Mgodi wake wa chumvi ulianza mwaka 1517, na hata leo chumvi yatolewa humo. Toka hapo ni mwendo wa basi wa dakika chache tu mpaka gati la ziwa.

Njiani tulitazama miti. Kwetu, vuli ni jina la mvua ndogo, na mtu akisikia neno hilo huwaza jembe na mbegu. Kwa watu wa Ulaya miezi hiyo hiyo ni majira ya majani kupukutika. Siku zapungua urefu, baridi yaanza kuuma, na mti wajua kwamba maji ya ardhini yatakuwa barafu. Basi huvirudisha ndani, katika shina na mizizi, vile virutubisho vilivyokuwa katika majani. Rangi ya kijani huvunjika kwanza, na rangi ya manjano, iliyokuwamo siku zote lakini imefichika, huonekana. Na miti mingine hufanya nyekundu mpya kabisa. Hata aina moja ya misonobari ya huko, ambayo majani yake ni sindano laini, hugeuka dhahabu na kuanguka. Hivyo milima ilikuwa kama kanga zilizoanikwa, kanga juu ya kanga, na juu yake mawe matupu, na juu ya mawe theluji mpya.

Tulifikia katika nyumba ndogo ya wageni. Katika chumba cha kulia palitundikwa picha ya mlima, nakala ya picha mashuhuri ya Caspar David Friedrich, iliyochorwa mwaka 1824 na 1825. Picha yenyewe imehifadhiwa Berlin. Mlima ule ni Watzmann, ambao wasimama juu ya ziwa hili. Urefu wake ni mita 2,713. Mbele ya Kilimanjaro haufiki hata nusu, lakini una ukali wake, kama tutakavyoona. Mwenye nyumba alipotuona tukiitazama picha, akatuambia jambo la ajabu: mchoraji yule hakupata kuuona mlima huu maishani mwake. Aliuchora akiwa mbali, kwa kufuata picha ndogo ya rangi za maji iliyofanywa na mwanafunzi wake. Tukastaajabu, kwa kuwa picha ni nzuri sana. Kisha tukaenda kulala, maana muuguzi wa usiku akiupata usiku wa kulala haupotezi.

Jumamosi asubuhi tuliamshwa na sauti za kengele. Hazikuwa kengele za kanisa, bali za ng'ombe. Tukavaa upesi, tukateremka gatini, tukakuta watu wengi wamesimama kwa baridi wakitazama ziwani. Juu ya maji yalikuja matishari ya mbao, yenye kingo fupi, na ndani yake ng'ombe wamesimama wametulia kabisa, vichwa vyao vikielekea nchi kavu.

Sisi tuliotoka kwenye migomba na ng'ombe wa zizini tuliielewa habari hii mara moja, ila ile ya tishari. Wakulima wa milima hii huwapeleka ng'ombe wao juu wakati wa joto, katika malisho yaliyo mbali na vijiji. Huko wachungaji hukaa katika vibanda miezi kadhaa, wakikamua, na kufanya siagi na jibini. Vuli ifikapo, kabla theluji haijafunika majani, mifugo hurudishwa chini. Mahali pengi katika Alpi hurudi kwa miguu. Lakini ng'ombe wa malisho yaliyo mwisho wa ziwa hili hawana njia ila maji. Kwa hiyo huvushwa kwa matishari, kama walivyovushwa tangu zamani za mababu.

Tishari la kwanza likafika. Ng'ombe wakatolewa mmoja mmoja, wakafungwa karibu na gati, na wenyeji wakaanza kuwavika taji. Taji hiyo huitwa Fuikl. Hufanywa kwa ncha ya msonobari mchanga yenye matawi yake, nayo hupambwa kwa maranda marefu ya mbao laini yaliyotiwa rangi nyekundu, manjano na buluu, yakakunjwa kuwa maua. Ni kazi ya mikono ya watu wa nyumba nzima kwa siku nyingi. Ng'ombe aliyekuwa jana akila majani mlimani sasa alisimama kama bibi arusi, naye hakujali, bali aliendelea kucheua.

Bibi mmoja mwenyeji alikuwa amesimama kando yetu. Tukamwuliza, “Je, bibi, kila mwaka huvikwa hivi?”

Akatikisa kichwa. “La. Huvikwa iwapo wote wamerudi salama. Mmoja akianguka jabalini, au akipigwa na radi, au kukiwa na msiba nyumbani kwa mwenye ng'ombe, basi hapana taji. Hurudi hivi hivi, bila pambo.”

“Hata wale wazima?”

“Hata wale wazima,” akasema. “Taji si ya ng'ombe mmoja. Ni ya kundi.”

Tukanyamaza. Twajua sote namna mtu ahesabuvyo faida: maziwa kiasi gani, jibini ngapi, fedha ngapi. Lakini wachungaji hawa, ambao nao waishi kwa fedha kama watu wote, wana hesabu moja iliyo mbele ya hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya vichwa. Kiangazi chaweza kuwa kimeleta maziwa mengi kupita miaka yote, lakini ikiwa kichwa kimoja kimepungua, taji hukaa ndani.

Baada ya hayo tukapanda mashua ya abiria. Mashua hizi zastahili kusimuliwa. Hazina moshi, wala hazina ngurumo; mtu husikia maji tu yakipasuliwa na pua ya chombo. Huendeshwa kwa umeme uliohifadhiwa katika betri. Huenda mkadhani ni jambo jipya la siku hizi, lakini mashua za umeme zilianza kutumika katika ziwa hili mwaka 1909. Katika siku hizo mtawala wa Bavaria, Luitpold, alikuwa mpenda kuwinda katika milima hii, wala hakutaka wanyama wake watishwe na kelele. Hivyo anasa ya mwindaji ikawa faida ya watu wote. Tangu mwaka 1978 nchi hii iizungukayo ziwa ni hifadhi ya taifa, na kimya kile kilichowekwa kwa ajili ya mtu mmoja sasa chalindwa kwa ajili ya kila ajaye.

Karibu na mwanzo wa safari mwanamaji alituonyesha msalaba mdogo mwekundu juu ya ukuta wa jabali. Ni ukumbusho wa mwaka 1688. Mwezi Agosti mwaka ule mahujaji walivuka milima kwa miguu toka upande wa Austria, wakapakiwa katika mashua ili wavuke ziwa. Mashua ikazama hapo, wakafa watu wapatao 70. Hija hiyo haikukoma. Hata leo kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, watu huvuka milima ile ile wakija ziwani. Lakini kila apitaye chini ya jabali huuona msalaba, akakumbuka kwamba maji yaliyotulia si maji mafupi.

Tulipofika katikati ya kuta mbili zilizo karibu, mwanamaji akazima mtambo. Mashua ikaelea. Akafungua kisanduku akatoa tarumbeta, akaomba watu wanyamaze. Na watu wapatao themanini, pamoja na watoto, wakanyamaza. Akapiga maneno mafupi ya wimbo, akashusha tarumbeta. Pakawa kimya kwa kadiri ya pumzi moja. Kisha mwamba ukajibu. Ulijibu maneno yale yale kwa utaratibu wake, kwa sauti laini kuliko ya mpigaji, kana kwamba yuko mtu huko juu aliyesikiliza mpaka mwisho ndipo akajibu. Akapiga tena, ukajibu tena. Zamani, waambiwa, walitumia mizinga midogo badala ya tarumbeta, na mshindo ulirudi mara nyingi toka ukuta hata ukuta.

Mwanamaji akapita na kofia yake kuomba bakshishi, akasema kwamba nusu ni yake na nusu ni ya mwenzake wa kule mwambani. Watu wakacheka. Lakini mke akamnong'oneza mumewe, “Baba watoto, umeona? Asingezima mtambo tusingesikia lo lote, ijapokuwa mwamba uko hapa siku zote.”

Mume hakujibu upesi. Alikuwa akitazama ukuta wa jabali.

Mbele kidogo ufuko watokeza majini, na juu yake kuna kanisa la Mtakatifu Bartolomayo, lenye paa jekundu na vichwa vya mviringo kama vitunguu. Hapo palikuwa na kanisa tangu mwaka 1134. Umbo la jengo la sasa ni la mwaka 1697. Watu wa milima humhesabu Bartolomayo kuwa mlinzi wa wachungaji na wakamuaji wa Alpi, kwa hiyo si ajabu kwamba nyumba yake ikasimama katika njia ya ng'ombe. Karibu nalo ni nyumba iliyokuwa ya mapumziko ya wafalme wakati wa kuwinda. Siku hizi ni mahali pa kula. Mvuvi hukausha samaki wa ziwa hili kwa moshi wa kuni, nasi tukanunua mmoja, tukamla kwa mkate, kwa mikono, tumeketi juu ya gogo. Tulisema, huyu kwa ugali angekuwa bora zaidi.

Nyuma ya kanisa hupanda ukuta wa mashariki wa Watzmann, karibu mita 1,800 toka chini hata juu. Ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1881, na tangu wakati huo watu wapatao mia wamepoteza maisha yao hapo. Wenyeji wana hadithi ya mlima huu. Wasema Watzmann alikuwa mfalme katili, aliyependa kuwinda kupita kuwapenda watu wake. Siku moja yeye, na mkewe, na watoto wake, wakapanda farasi wakaikanyaga familia ya mkulima. Mkulima akawalaani, wakageuka mawe wote. Na kweli, ukitazama kwa mbali, waona kilele kikubwa upande mmoja, na kilele kingine upande wa pili ambacho huitwa Mke wa Watzmann, na katikati yao vilele vidogo, ndio watoto. Ni familia nzima, iko pamoja, imesimama katika safu moja tangu zamani, wala hapana hata mmoja awezaye kumwambia mwenziwe neno.

Tukarudi mashuani, tukaenda mpaka mwisho wa ziwa, mahali paitwapo Salet. Toka hapo ni mwendo wa robo saa kwa miguu mpaka ziwa la pili, dogo, liitwalo Obersee, yaani Ziwa la Juu. Maziwa haya mawili yametengwa na mawe yaliyoporomoka toka mlimani katika karne ya 12. Ng'ambo yake waona maporomoko ya Röthbach, ambayo urefu wake ni mita 470, marefu kuliko yote katika Ujerumani. Katika vuli maji yake ni machache. Yalionekana kama uzi mweupe tu uliotundikwa juu ya mwamba. Ziwa lilikuwa limetulia hata milima ilikuwa miwili, mmoja juu na mmoja chini. Hapo, juu ya jiwe lililopata jua, tuliketi, na hapo ndipo tulipoizungumza barua.

Hatutawaandikia yote, maana mengine ni ya nyumbani. Twawaandikia yale yawezayo kumfaa mwingine.

Mume alianza, akasema, “Mama watoto, nilidhani wewe wataka niende. Nyumba ya Moshi umeitaja kila mwezi.”

Mke akajibu, “Nami nilidhani wewe wataka kwenda. Barua uliiacha mezani badala ya kuitupa.”

Kisha akasema neno ambalo mume hakulijua. Tangu Agosti hospitali ilikuwa imemwambia kwamba aweza kuhamia zamu ya mchana mwezi wa Januari akitaka. Lakini zamu ya usiku ina nyongeza yake ya mshahara, na zamu ya mchana haina. Kwa hiyo alikuwa ameliweka neno hilo moyoni, akingoja siku ya kulisema, na siku hiyo haikutokea. Basi mezani kwetu palikuwa na mambo mawili: njia ya kupata fedha zaidi na kuonana kidogo zaidi, na njia ya kuonana zaidi na kupata fedha pungufu. Moja ilikuwa imeandikwa katika barua, nyingine haikuandikwa po pote.

Tukatoa kalamu, tukafanya hesabu nyuma ya tiketi ya mashua. Hesabu haikutupendelea. Tukiacha Hamburg, na tukiacha nyongeza ya usiku, nyumba ya Moshi itasimama bila bati muda wa miaka mitatu zaidi, labda minne. Mama mzazi wa mume, aliye mzee, ndiye atakayeitazama kuta hizo kila asubuhi. Jambo hilo lilitulia moyoni kama jiwe, wala hatukujisingizia kwamba ni jepesi.

Ndipo mke akasema, “Yule mchoraji wa jana aliuchora mlima asiouona, na picha ikawa nzuri. Lakini mimi sipendi watoto wetu wamchore baba yao kwa namna hiyo.”

Mume akacheka kidogo, kisha hakucheka. Akakaa akiutazama uzi ule wa maji. Mwishowe akasema, “Mama aweza kungoja bati, kama tutamwambia sababu kwa kinywa chetu. Nitampigia simu mimi mwenyewe.” Na baadaye, “Watoto hawangojeki.”

Tukaamua hivyo. Tulikunja tiketi, tukaenda upesi kuiwahi mashua, maana ya mwisho ikishaondoka, msafiri aliyebaki Salet hana njia rahisi ya kurudi. Jioni ilikuwa imekwisha kuingia kati ya kuta, na juu peke yake, katika kilele cha Watzmann, palibaki mwanga mwekundu. Mtambo haukusikika. Tulizungumza njia nzima, juu ya mambo madogo tu: meno ya mtoto mkubwa, ndoa ya binamu, kama kabati lingepita katika mlango mpya. Ni mambo ambayo hayaingii katika kikaratasi.

Jumapili asubuhi tulipanda kwa miguu mpaka Malerwinkel, maana yake Kona ya Wachoraji, mahali ambapo ziwa laonekana lote hata kanisa. Ukungu ulikuwa umeyafunika maji, ukafunguka polepole kama mtu afunguavyo pazia la dirisha. Majani yalianguka bila upepo, moja moja, kwa uzito wa umande. Tulikaa hapo saa nzima bila kusema neno, wala kimya kile hakikuwa kile cha duka lililofungwa. Mchana tukarudi München. Watoto walikuwa wamejifunza wimbo wa Kikongo, na jirani yetu alitutazama nyuso akaenda kuweka chai.

Jumatatu mume alijibu barua kwa adabu na shukrani. Mke naye alipeleka ombi la zamu ya mchana. Mama huko Uchaggani aliposikia habari alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama bati la siku hizi laota kutu upesi kuliko la zamani, tukamwambia ndiyo, akasema basi lingoje dukani.

Wasomaji wapenzi, hatuwaandikii haya ili kila mtu akatae kazi ya mbali. Ziko nyumba nyingi ambazo baba au mama amekwenda mbali kwa kuwa hapana chakula kilicho karibu, na watu hao wastahili heshima, wala si ushauri wa wale waliopata nafasi ya kuchagua. Wala hatusemi kwamba mume na mke hawana budi kwenda Ulaya, au kulala katika nyumba ya wageni, ili wapate kusemezana. Walio Rombo wanalo Chala. Walio Arusha wanalo Duluti. Walio Rungwe wanalo Ngozi, ndani ya msitu, juu mlimani. Na asiye na ziwa anao mto, au mwembe ulio mbali kidogo na nyumba.

Twasema hivi tu. Katika ziwa lile kimya hakikuja chenyewe. Watu walikiweka kwa amri mwaka 1909, nao wakakilinda zaidi ya miaka mia, siku kwa siku, kwa kuchagua chombo kisichopiga kelele. Na hata katika kimya hicho, mwanamaji huuzima mtambo kwanza ndipo apige tarumbeta, kisha huishusha na kungoja. Kuna mambo matatu hapo, na nyumba yo yote yaweza kuyafanya bila gharama: kuzima, kusema, na kungoja jibu. Wengi wetu twajua lile la pili. Wachague mume na mke siku moja katika mwezi, walau saa mbili, simu zikiwa zimefungwa na watoto wako kwa jirani mwema, nao waweke mezani ile barua, iwe ya namna gani. Na wakati wa kuhesabu, pamoja na fedha na bati, wasisahau hesabu ya wachungaji wa Königssee, ambao huuliza kwanza kama wote wamerudi, ndipo wafungue sanduku la taji.